Mwaka Mmoja wa Shule Kuu ya Mambo ya Kimataifa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila mwaka wa masomo unapofungwa, shule kuu za mambo ya kimataifa hutoa taarifa ya mafanikio: tuzo za wanafunzi, vitabu vya wahadhiri, wageni waliotoa mihadhara, ajira za wahitimu. Maswali yaliyo hapa huletwa na wanafunzi watarajiwa, wazazi wao, na mara nyingine wahitimu wenyewe. Nimeyajibu nikiamini kwamba nyuma ya kila takwimu yupo mtu aliyetoa miaka yake na ada yake, na ana haki ya kujua maana ya takwimu hiyo.

## Misingi

Shule kuu ya mambo ya kimataifa ni nini hasa? Si sawa na idara ya sayansi ya siasa?

Ni ndugu, ila malezi yao ni tofauti. Idara ya sayansi ya siasa humwandaa mtu kueleza kwa nini mambo hutokea: kwa nini nchi hupigana, kwa nini mikataba hudumu au huvunjika. Shule ya mambo ya kimataifa humtaka ajue hayo na juu yake aweze kufanya kazi, yaani kuandika andiko la sera la kurasa mbili ambalo waziri atalisoma ndani ya gari, kusoma bajeti, kujadiliana na kuzungumza lugha ya pili. Ndiyo maana chini ya paa moja utawakuta mchumi, mwanasheria, mwanahistoria na balozi mstaafu.

Nyingi hujikita kwenye shahada ya uzamili ya miaka miwili. Baadhi, kama ile ya Georgetown mjini Washington, hupokea pia wanafunzi wa shahada ya kwanza.

Zilianza lini, na kwa nini?

Chuo Kikuu cha George Washington huihesabu shule yake ya fani hii kuanzia 1898. Wimbi lenyewe, hata hivyo, lilikuja baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, pale watu walipojiuliza mamilioni waliwezaje kufa kwa sababu ambazo hata viongozi hawakuweza kuzieleza vizuri. Mwaka 1919 chuo cha Aberystwyth, huko Wales, kilianzisha kiti cha kwanza cha uprofesa wa siasa za kimataifa, na mwaka huohuo Georgetown ikafungua shule yake. Huduma ya kidiplomasia ya Marekani kwa sura tunayoijua leo iliundwa kwa sheria ya 1924, kwa hiyo shule ya kufundisha wanadiplomasia iliitangulia huduma yenyewe kwa miaka 5.

Geneva ikafuata 1927, jirani na makao ya Shirikisho la Mataifa, lililoutangulia Umoja wa Mataifa, kisha Fletcher katika Chuo Kikuu cha Tufts mwaka 1933. SAIS, shule ya masomo ya juu ya kimataifa mjini Washington, ilianzishwa 1943 vita vya pili vikiwa vinapiganwa, ikaja kuwa sehemu ya Johns Hopkins mwaka 1950. Columbia ilifungua yake 1946. Ukizitazama tarehe hizi utaona kwamba nyingi zilizaliwa karibu na majeraha makubwa ya dunia. Sidhani ni bahati tu, na nadhani taarifa ya mwaka inafaa kusomwa ukiwa na kumbukumbu hiyo.

Kwa nini taarifa ya mafanikio hutolewa kila mwaka? Inaandikwa kwa ajili ya nani?

Inaandikwa kwa ajili ya wasomaji wengi kwa wakati mmoja, na hapo ndipo utata unapoanzia. Uongozi wa chuo kikuu unataka kuona bajeti imezaa nini, wafadhili wanataka kuona fedha zao zimefika, wahitimu wanataka kujivunia cheti chao, na mwombaji mpya anatafuta sababu ya kuomba. Taarifa moja haiwezi kuwatosheleza wote sawasawa. Kwa kawaida mwombaji ndiye anayepata kidogo zaidi, ingawa ndiye mwenye cha kupoteza zaidi. Majibu mengi yanayofuata yameelekezwa kwake.

## Wanafunzi na wahitimu

Taarifa inasema asilimia 90 ya wahitimu wamepata kazi. Niiamini?

Amini hesabu, kisha uliza: asilimia 90 ya nani?

Chukua mfano wa kubuni. Darasa lina wahitimu 200. Shule inawatumia dodoso miezi sita baada ya mahafali, na 80 wanajibu. Kati ya hao 80, 72 wana kazi. Ukigawa 72 kwa 80 unapata asilimia 90, na hakuna aliyedanganya. Ukigawa 72 kwa 200 unapata asilimia 36. Ukweli uko mahali fulani katikati, maana wasiojibu si wote wasio na kazi. Wengine wako kwenye vituo vyao vya kazi na hawana hata muda wa kufungua barua pepe. Lakini yule ambaye bado anahangaika ndiye mwepesi zaidi wa kunyamaza. Nimezungumza na wahitimu waliolifunga dodoso kwa aibu, na huwa nawaambia wazi kwamba jibu lao ndilo shule inalolihitaji kuliko mengine yote.

Kwa hiyo tafuta mambo matatu: idadi ya waliojibu, muda uliopita tangu mahafali, na kinachohesabiwa kuwa kazi. Mafunzo kwa vitendo ya miezi mitatu yasiyo na malipo, je, yamo? Anayeendelea na uzamivu amewekwa fungu gani? Aliyerudi kwenye kazi aliyokuwa nayo kabla ya masomo anahesabiwa kuwa amepata kazi kupitia shule? Taarifa nzuri hujibu haya kwenye aya moja chini ya jedwali. Isipoyajibu, andikia ofisi ya ajira ya shule. Ni swali la kawaida na hakuna atakayekuona mkorofi.

Fulbright, Boren, Pickering, Rangel, Marshall… majina haya yanayojirudia ni ya nini?

Ni fedha za masomo zinazotolewa na vyombo vya nje, si na shule. Hilo pekee linabadilisha maana ya sentensi "wanafunzi wetu wameshinda". Shule inastahili sifa ya kuwaandaa na kuzisahihisha rasimu za barua zao mpaka usiku, lakini uamuzi umefanywa kwingine.

Fulbright ilianzishwa kwa sheria ya Marekani ya 1946 na huwapeleka Wamarekani nje na kuwaleta wageni Marekani. Mgeni anayeipata kwa kawaida hutakiwa kurudi kwao kwa miaka 2 kabla ya kuomba ukaazi wa kudumu Marekani. Boren, iliyotokana na sheria ya 1991, hugharimia masomo ya lugha na maeneo ambayo Marekani inayaona muhimu kwa usalama wake, na mpokeaji hulipa kwa utumishi wa angalau mwaka 1 serikalini. Pickering na Rangel ni njia ya kuingia moja kwa moja kwenye huduma ya kidiplomasia ya Marekani, nazo humfunga mpokeaji kwa miaka 5 ya utumishi. Marshall, iliyoanzishwa na Bunge la Uingereza mwaka 1953 kama shukrani kwa misaada ya Marekani baada ya vita, huwapeleka Wamarekani kusoma Uingereza. Schwarzman, ambayo kundi lake la kwanza liliingia 2016, huwapeleka wapokeaji wake kusoma Chuo Kikuu cha Tsinghua mjini Beijing.

Kwa Pickering na Rangel usome kwa makini. Mshindi wa moja kati ya hizo amepata mwajiri pamoja na ufadhili. Ni jambo kubwa kwa kijana asiye na ndugu wala jamaa kwenye wizara, na mipango hiyo miwili ilitungwa ikiwalenga watu wa namna hiyo.

Mimi si raia wa Marekani. Orodha hiyo ya tuzo inanihusu?

Sehemu yake ndogo. Boren, Pickering, Rangel na Marshall ni za raia wa Marekani peke yao. Ukiona ukurasa umejaa majina hayo, ujue kwamba unasoma mafanikio ya kundi ambalo wewe humo. Waulize shule jambo moja: wanafunzi wa kimataifa wa mwaka uliopita waligharimiwa na nani, na wangapi walipata nafuu ya ada kutoka kwa shule yenyewe? Mara nyingi jibu hilo halimo kwenye taarifa, na kwako lina thamani kuliko kurasa zote za picha.

Kwa upande wa Uingereza kuna Chevening, iliyoanza 1983, inayowalipia watu wa nchi nyingi shahada ya uzamili ya mwaka mmoja kwa sharti la kurudi nyumbani kwa angalau miaka 2.

Taarifa inataja "umahiri wa lugha". Unapimwaje?

Hapa ningependa shule zijivunie zaidi kuliko zinavyofanya. Kujifunza lugha ya watu ni kazi ya jasho na haina njia ya mkato. Taasisi inayowafundisha wanadiplomasia wa Marekani hukadiria kwamba msemaji wa Kiingereza, akisoma kutwa nzima, huhitaji takriban wiki 36 kufika kiwango cha kufanyia kazi kwa Kiswahili, na takriban wiki 88 kwa Kiarabu, Kichina, Kijapani au Kikorea. Mwanafunzi wa uzamili hana wiki 88 za bure. Anayefika mtihani wa mdomo wa Kichina akaupita alianza mapema, au amejinyima mengi.

Shule kadhaa, SAIS na Fletcher zikiwamo, zimekuwa na desturi ya kudai lugha ya pili na kuipima kwa mtihani. Nyingine huridhika na idadi ya kozi zilizohudhuriwa. Kukaa darasani mihula minne ni jambo moja, kuongoza kikao kwa lugha hiyo ni jingine. Taarifa ikisema "wanafunzi wetu wanazungumza lugha 40", kumbuka kwamba wengi wao walizaliwa nazo. Ni utajiri wa darasa, lakini haikuwa kazi ya shule.

Na kwa msomaji wa Kiswahili: usiihesabu lugha yako kuwa kitu cha nyumbani tu. Umoja wa Afrika uliipitisha kuwa lugha rasmi ya kazi mwaka 2022, na UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa siku yake ya dunia. Iandike kwenye maombi, na useme unaweza kuifanyia nini: kutafsiri mkataba, kuendesha mahojiano, kuandika ripoti.

Kushinda kwenye mikutano ya kuigiza Umoja wa Mataifa ni mafanikio makubwa?

Ni mafanikio ya kweli, ya wastani. Desturi hii ina umri mkubwa kuliko Umoja wa Mataifa wenyewe. Kabla ya 1945 wanafunzi waliigiza vikao vya Shirikisho la Mataifa. Faida yake kubwa ni kwamba unalazimika kutetea nchi isiyo yako, tena kwa hoja ambazo pengine huziamini. Kombe lenyewe waajiri hawaliulizii sana.

Na "mradi wa kuhitimu kwa ajili ya mteja"?

Huu nauthamini zaidi. Kikundi cha wanafunzi hupewa tatizo halisi na wizara, benki ya maendeleo au shirika la misaada, wanalifanyia kazi kwa muhula mmoja au miwili, kisha wanamkabidhi mteja ripoti. Columbia, kwa mfano, imeufanya kuwa sehemu ya shahada. Ukikuta taarifa imetaja idadi ya miradi peke yake, uliza mteja aliifanyia nini ripoti ile. Kuna ripoti zilizobadilisha mpango wa mradi, na kuna zilizoishia kabatini. Zote mbili zilimfundisha mwanafunzi, ila moja tu ndiyo mafanikio mbele ya umma.

Wahitimu huajiriwa na Umoja wa Mataifa moja kwa moja?

Wachache. Mlango rasmi kwa vijana ni mtihani wa mpango wa wataalamu chipukizi, ambao huwataka waombaji wawe na umri usiozidi miaka 32 na watoke kwenye nchi zilizoalikwa kushiriki mwaka huo. Uraia wako unaweza kuamua kabla shahada yako haijasomwa. Wengi zaidi huingia kwa mikataba mifupi ya ushauri, na taarifa ya mwaka huwaweka wote kwenye mstari mmoja: "Umoja wa Mataifa". Rudi kwenye swali la asilimia 90 hapo juu. Dawa ni ileile.

## Wahadhiri na utafiti

Kwa nini kitabu kimoja cha profesa kinapewa ukurasa mzima?

Kwa sababu kimemla miaka. Utafiti wa kwenye nyaraka za kale na mahojiano katika nchi tatu haumaliziki kwa muhula mmoja, na kabla ya kuchapwa na mchapishaji wa kitaaluma muswada hupitishwa kwa wanataaluma wengine wausome na kuukosoa. Kitabu kinachotangazwa mwaka huu ni mavuno ya shamba lililolimwa muda mrefu. Shule inaposema "mwaka wetu wa vitabu vingi", mara nyingi inasherehekea likizo za utafiti zilizotolewa na uongozi uliopita.

Mhadhiri wetu ameteuliwa serikalini. Hiyo ni faida au hasara?

Kwa taarifa ni faida, kwa mwanafunzi aliyekuja kusoma naye ni pengo la miaka. Mfano maarufu ni Madeleine Albright, aliyefundisha Georgetown, akawa waziri wa mambo ya nje wa Marekani kati ya 1997 na 2001, kisha akarudi darasani. Waliosoma naye aliporudi walipata kitu kisichopatikana kwenye kitabu chochote. Waliokuwa njiani kati ya hapo walipata mhadhiri wa muda. Kama unaomba shule kwa sababu ya mtu mmoja, mwandikie kabla hujalipa ada umuulize kama atakuwepo. Vinginevyo utauziwa mbuzi kwenye gunia.

Vituo vya utafiti wa kanda, kama Afrika au Asia ya Kusini, hupata wapi fedha?

Marekani, chimbuko lake kubwa ni sheria ya elimu kwa ajili ya ulinzi wa taifa ya 1958, iliyopitishwa mwaka mmoja tu baada ya Umoja wa Kisovyeti kurusha Sputnik, setilaiti ya kwanza angani. Hofu ya kuachwa nyuma ndiyo iliyofungua mfuko uliolipia kufundisha lugha ambazo hazikuwa zikifundishwa kwa wingi, Kiswahili kikiwemo. Fungu lile, linalojulikana kama Title VI, limekuwa likishindaniwa kwa mizunguko ya miaka 4. Kwa hiyo taarifa inaposema kituo "kimeshinda tena", maana yake ni walimu wa lugha na ufadhili wa wanafunzi kwa kipindi hicho. Fungu likikatwa, kwa kawaida wa kwanza kuondoka ni mwalimu wa lugha yenye wanafunzi saba.

## Orodha za ubora, fedha na majina

Shule imepanda nafasi kwenye orodha ya ubora. Imeboreka?

Si lazima. Orodha inayonukuliwa zaidi katika fani hii, ya jarida la *Foreign Policy* pamoja na watafiti wa chuo cha William & Mary, hutokana na kuwauliza wasomi, na wengine wa fani, shule gani wanaziona bora. Inapima sifa, na sifa hutembea polepole kuliko ukweli, kwenda juu na kushuka. Shule changa yenye walimu hodari itachelewa kuonekana. Yale, kwa mfano, ilifungua Jackson, shule yake ya mambo ya kimataifa, kama shule kamili mwaka 2022 tu.

Kupanda nafasi mbili kati ya mwaka na mwaka kusikuongezee wala kukupunguzia usingizi.

Kwa nini jina la mfadhili, au kubadilishwa kwa jina, ni habari kubwa hivyo?

Kwa sababu jina hukaa kwenye cheti maisha yote. Princeton ilianzisha shule yake 1930, ikaja kuipa jina la Rais Woodrow Wilson, na mwaka 2020 ikaliondoa kwa sababu ya sera zake za ubaguzi wa rangi, hasa kuwatenga watumishi weusi serikalini. Kwa shule inayofundisha haki baina ya mataifa, naona lilikuwa jambo la lazima, ingawa lilichukua muda mrefu mno.

## Maswali ya pembeni

Taarifa ya mwaka huu ina ajira chache serikalini. Shule imeshuka?

Tazama kwanza nje ya shule. Mwaka 2025 Marekani ilifuta mpango wa kuingiza wahitimu wa uzamili katika utumishi wa serikali kuu, uliokuwepo tangu 1977, na shirika lake la misaada, USAID, likafungwa mwaka huohuo. Milango miwili iliyotegemewa kwa vizazi ikafungwa kwa mkupuo. Wahitimu wa mwaka huo hawakuwa dhaifu kuliko waliowatangulia. Hapa shule ipimwe kwa jambo jingine: iliwasaidia vipi? Iliongeza washauri wa ajira? Iliwapigia simu mwajiri mmoja mmoja? Taarifa inayoeleza mwaka mgumu waziwazi nitaiheshimu kuliko ile iliyojaa tabasamu.

Mhitimu maarufu anatajwa kila mwaka. Ana uhusiano gani na mafanikio ya mwaka huu?

Uhusiano mdogo, lakini anafundisha jambo kuhusu muda. Kofi Annan alisoma Geneva mwaka 1961 hadi 1962 na akawa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa 1997. Bill Clinton alihitimu Georgetown 1968 na kuapishwa kuwa rais 1993. Taarifa ya Geneva ya 1962 isingeweza kumwona Annan. Alikuwa kijana kutoka Ghana aliyeanza kazi ngazi ya chini katika Shirika la Afya Duniani. Mafanikio makubwa ya darasa la mwaka huu, kama yapo, hayamo kwenye taarifa ya mwaka huu.

Naweza kukataa jina na picha yangu kutumika kwenye taarifa?

Ndiyo, na uombe mapema, kwa maandishi, kabla taarifa haijachapishwa. Katika fani hii si suala la haya. Wapo wanafunzi wanaotoka nchi ambako kuonekana kwenye mjadala wa haki za binadamu kunaweza kumletea mama yako wageni usiku. Wapo wanaoelekea kwenye kazi ambazo picha ya hadharani ni kikwazo. Omba jina liondolewe pia kwenye maelezo ya chini ya picha na kwenye orodha ya washiriki wa kongamano, kwa sababu hizo ndizo husahaulika. Kama taarifa imeshatoka, nakala ya mtandaoni inaweza kurekebishwa siku hiyohiyo. Ya karatasi hairudi. Andikia ofisi ya mawasiliano, peleka nakala kwa mkuu wa shule, na eleza kwamba ni suala la usalama. Huna wajibu wa kutaja nchi wala sababu.